Ijue Hamira: Kiumbe Anayeumua Mahamri na Kuchachisha Mnazi

Saa tisa za usiku, katika nyumba nyingi za Pwani, kuna mtu aliyekwisha amka. Amewasha taa ya jikoni, ameondoa kitambaa juu ya sufuria, na anatazama kama unga alioukanda jana usiku umefura. Ukiwa umefura, saa kumi na mbili mahamri yatakuwa kwenye beseni, na kufikia saa tatu mtaji wa kesho utakuwa umerudi mfukoni. Ukiwa umelala vile vile ulivyoachwa, basi unga, sukari, tui na iliki vyote vimeingia maji, na wateja wa asubuhi watanunua kwa jirani.

Lawama huenda kwa unga, kwa mwenye duka, kwa baridi ya usiku, na wakati mwingine hata kwa jicho baya. Lakini mara nyingi kosa ni moja kati ya mawili: hamira ilikuwa imekufa kabla ya kutiwa, au iliuawa wakati wa kukanda. Wengi huichukulia hamira kama chumvi au sukari, kitu kisichobadilika kikiwa kwenye pakiti. Kumbe hamira iko hai. Ina njaa, ina joto inalolipenda na joto linaloiua.

Hamira ni nini hasa

Hamira ni kuvu mdogo sana, mwenye chembe moja tu ya mwili. Haonekani kwa macho bila darubini. Gramu moja ya hamira mbichi huwa na chembe hai zipatazo bilioni 10. Huzaliana kwa kuchipua: chembe mama hutoa kichomozo, kinakua, kisha kinajitenga na kuanza maisha yake.

Chakula chake ni sukari. Ikila sukari mahali pasipo na hewa ya kutosha, kama ndani ya donge la unga au ndani ya pipa, hutoa vitu viwili: hewa ya ukaa na kileo. Mwokaji anataka hewa. Hewa hiyo hunaswa na utando wa unga wa ngano uliokandwa vizuri, na donge linafura. Kileo kinachopatikana kwenye unga huwa kidogo, na sehemu kubwa yake hutoka na mvuke wakati wa kuoka au kukaanga. Mtengenezaji wa pombe yeye anataka kileo, na hewa anaiacha itoke au anaibakisha kidogo ili kinywaji kitoe povu.

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walibishana kama kuchacha ni kazi ya kiumbe au ni kuoza tu kwa kawaida. Ni Louis Pasteur wa Ufaransa, kati ya miaka ya 1850 na 1870, aliyeonyesha kwa majaribio kwamba hakuna kileo bila hamira iliyo hai. Aina inayotumika zaidi duniani huitwa Saccharomyces cerevisiae, jina lenye maana ya kuvu wa sukari wa bia. Ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye pakiti dukani. Hata hivyo ndani ya aina hiyo moja kuna koo nyingi. Ni kama maembe: boribo, ngowe na dodo yote ni maembe, lakini mwenye kujua hawezi kukubali kuuziwa moja badala ya jingine. Hamira ya mkate imechaguliwa kwa kutoa hewa haraka. Ya mvinyo imechaguliwa kwa kuvumilia kileo kikali. Ya bia huchaguliwa kwa ladha na kwa namna inavyojikusanya kazi inapokwisha.

Hamira tatu za dukani

Hamira mbichi huja kama kipande laini cha rangi ya maziwa, kinachomeguka vipande vipande. Hutumiwa zaidi na viwanda vya mikate na hoteli kwa sababu ni lazima ikae kwenye friji, na hata humo hudumu wiki chache tu. Ikiwa imegeuka rangi kuwa kahawia, imeanza kuteleza mkononi au inanuka vibaya, hiyo imekwisha.

Ya pili ni hamira kavu ya chenga, yenye punje zinazoonekana kama mchanga mnene. Ilienea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilipohitaji hamira ya kuoka mikate mahali pasipo na friji. Punje zake zimefunikwa na chembe zilizokufa wakati wa kukaushwa, ndiyo maana haifai kutupwa ndani ya unga mkavu. Huamshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 38 na 43 za Selsiasi, kwa dakika 10 hivi.

Ya tatu ni hamira ya papo hapo, iliyotokea miaka ya 1970. Punje zake ni nyembamba na zina vitundu vingi, hivyo hunywa maji upesi na inaweza kuchanganywa moja kwa moja na unga mkavu. Kinachoidhuru ni maji ya baridi sana. Ikimwagiwa maji ya friji kabla ya kuchanganywa na unga, chembe nyingi hupasuka na nguvu yake hupungua.

Tatizo hutokea mtu anapobadilisha aina bila kubadilisha kipimo. Kazi ya gramu 30 za hamira mbichi hufanywa na gramu 12 hivi za hamira ya chenga, au gramu 10 za ile ya papo hapo. Kwa kilo moja ya unga unaotakiwa ufure ndani ya saa moja na nusu, gramu 10 za papo hapo zinatosha. Hizo ni kama vijiko vitatu vidogo vya chai. Anayefuata kipimo cha hamira mbichi huku mkononi ana ya papo hapo ataweka mara tatu ya inayohitajika, na mahamri yatanuka pombe.

Kuna unga mwingine unaowekwa rafu moja na hamira na mara nyingi huitwa hamira kwa makosa: bekingi poda. Huo hauna uhai. Ni mchanganyiko wa magadi na asidi kavu, unaotoa hewa ukilowa na ukipata moto. Unafaa kwa keki na kwa yale mandazi ya haraka yanayokaangwa mara tu baada ya kukandwa, lakini ukiachwa usiku kucha hewa yake yote itakuwa imekwisha toka. Ubishi wa bara na Pwani kuhusu mandazi na mahamri kwa kiasi fulani ni ubishi wa bekingi poda na hamira. Pwani wanaposema andazi la bara halina ladha, sehemu ya ladha wanayoikosa ni ile inayoletwa na hamira ikila sukari polepole.

Moto, sukari na saa

Hamira hufanya kazi vizuri sana kati ya nyuzi 27 na 35. Joto likipita nyuzi 50 huanza kufa, na kufikia nyuzi 60 hakuna inayobaki. Hapa ndipo mahamri mengi huharibikia, kwa sababu tui huchemshwa na sukari na iliki, kisha humiminwa kwenye unga likiwa bado linafuka moshi. Mkandaji mwenye haraka huhisi joto hilo mikononi na kulivumilia. Hamira haivumilii. Kipimo rahisi ni kudondosha tui upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto. Likihisiwa kama joto la mwili, au zaidi kidogo, linafaa. Likichoma, lisubiri.

Sukari nayo ina mambo yake. Kidogo huipa hamira nguvu, nyingi huibana, kwa sababu sukari huvuta maji na kuikausha hamira. Hamira ya kawaida huanza kuchoka sukari ikizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa unga. Mahamri matamu ya kwetu mara nyingi hutiwa robo kilo ya sukari kwa kilo moja ya unga, yaani zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Ndiyo maana unga wa mahamri hufura polepole kuliko wa mkate wa kawaida, hata mikono ikiwa ile ile na hamira ile ile. Zipo hamira zilizotengenezwa kwa unga mtamu, na pakiti huonyesha hivyo. Anayepika kwa biashara ana sababu ya kuitafuta. Asiyeipata anaweza kuanza kwa kukoroga robo ya unga na tui la vuguvugu na hamira yote, bila sukari, auache kwa nusu saa hadi utoe mapovu, kisha ndipo aongeze sukari na unga uliobaki. Chumvi isiwekwe juu ya hamira moja kwa moja. Itiwe kwenye unga, ichanganywe, ndipo hamira ifuate.

Jambo la tatu ni muda, na hapa joto la Pwani huwapotosha wengi. Vipimo vingi vilivyoandikwa kwenye vitabu na pakiti vimekadiriwa kwa jikoni zenye baridi. Usiku wa mwezi wa Februari, jikoni Pwani inaweza kukaa karibu na nyuzi 28 hadi asubuhi. Unga uliokandwa saa mbili za usiku kwa kipimo kamili cha hamira hufika kilele kabla ya saa nne. Kufikia saa tisa umekwisha anguka, una mashimo juu, unanuka uchachu, na ukikaangwa hunywa mafuta. Kwa unga wa kulala, robo ya kipimo cha kawaida inatosha. Gharama ya hamira inapungua, na ladha inakuwa bora zaidi.

Kabla ya kuhatarisha unga wote, hamira yenye mashaka hupimwa hivi: nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, kijiko kidogo cha sukari, kijiko kidogo cha hamira. Baada ya dakika 10 povu linapaswa kufunika juu yote na kupanda. Ikiwa maji yametulia na hamira imezama chini, hakuna sababu ya kufungua pakiti ya unga. Pakiti ikishafunguliwa, hamira ihamishiwe kwenye kopo lisilopitisha hewa na iwekwe kwenye friji, ambako hukaa miezi minne hivi bila kupoteza nguvu. Juu ya rafu ya jikoni, karibu na jiko, pakiti iliyo wazi hupoteza nguvu haraka zaidi. Wasio na friji wanapata faida zaidi kwa kununua pakiti ndogo ndogo kuliko mfuko wa nusu kilo, hata kama bei ya mfuko inavutia.

Chachu isiyonunuliwa

Kabla ya pakiti kuwepo, watu walioka na kupika kwa hamira ya mwituni. Ipo kwenye maganda ya nafaka, kwenye matunda, kwenye maua na kwenye miguu ya wadudu. Unga ukichanganywa na maji na kuachwa siku kadhaa, hamira hizo huamka pamoja na bakteria wa asidi, na mchanganyiko huwa chachu. Mpishi hutumia sehemu na kubakisha nyingine kwa kesho. Injera ya Waethiopia huchachishwa hivyo, na uji wa wimbi uliochacha ni ndugu yake. Asidi inayotolewa na bakteria ndiyo huleta ule ukali wa ladha, na huzuia vijidudu vingi vya kuozesha visistawi. Chachu ya namna hii haina haraka, hivyo haifai kwa mtu mwenye wateja saa kumi na mbili, ila kwa nyumbani haigharimu kitu.

Katika jimbo la Kerala nchini India, mikate myembamba ya mchele iitwayo appam kwa desturi huumuliwa kwa mnazi uliogemwa. Anayepika vitumbua au vibibi hapa Pwani akiuona unga wake ataufahamu mara moja: mchele, nazi na mapovu. Tofauti ni kwamba huko mgema ndiye aliyekuwa duka la hamira. Ulaya pia ilikuwa hivyo. Hadi karne ya 19 waokaji wengi walichukua povu la hamira kutoka kwa watengenezaji wa bia.

Kutoka juu ya mnazi hadi kwenye pipa

Mgema anapokata karara kwa kotama, kinachodondoka ni utomvu mtamu usio na kileo. Hamira humkuta njiani: kwenye kibuyu kilichobaki na mabaki ya jana, kwenye nyuki na nzi, kwenye upepo. Ndani ya saa chache utomvu unatoa povu, na kufikia siku moja huwa na kileo cha asilimia 4 hadi 6 hivi. Ukiendelea kukaa, bakteria wa siki hukigeuza kileo hicho kuwa asidi, na kinachobaki kinafaa kwa achari. Ndiyo sababu mgema hupanda asubuhi na jioni na hawezi kuweka akiba ya wiki. Utomvu ukichemshwa mara tu ukishushwa, hamira hufa, na mchuzi mtamu unaobaki unaweza kupikwa hadi uwe mzito kama asali. Hiyo ni bidhaa inayoweza kukaa, tofauti na mnazi wenyewe.

Nafaka haina sukari ya kutosha, ina wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Watengenezaji wa busaa walijua njia ya kuvuka hapo kabla ya sayansi kuieleza. Unga wa mahindi huchachishwa, hukaangwa juu ya bati, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo hamira huila. Kimea chenyewe pia hubeba hamira ya mwituni. Muratina, ya asali au maji ya miwa, ina ujanja mwingine: tunda la mwegea lililokaushwa hutumbukizwa ndani, na hamira hujishika kwenye nyuzi zake. Pombe ikiiva tunda hutolewa, hukaushwa juani na kuhifadhiwa kwa safari ijayo. Wazee waliorithishana tunda hilo walikuwa wakirithishana hamira.

Bia za chupa zinazouzwa zaidi Kenya ni za aina ya laga, na hamira yake si ile ya mkate. Mwaka 1883, katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kuikuza kutoka chembe moja tu, ikiwa safi bila mchanganyiko. Leo inaitwa Saccharomyces pastorianus, na ni chotara. Mzazi mmoja ni hamira ya kawaida. Wa pili, anayependa baridi, hakujulikana hadi mwaka 2011 watafiti walipotangaza kumpata kwenye misitu ya Patagonia nchini Argentina. Ubaridi huo umerithiwa: laga huchachuka kati ya nyuzi 7 na 13, hamira ikizama chini, kisha bia hupumzishwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Bia za aina ya eli hutumia hamira ya kawaida, kati ya nyuzi 15 na 24, na povu la hamira hupanda juu. Pwani hakuna jikoni yenye nyuzi 10, kwa hiyo laga bila mitambo ya baridi haiwezekani.

Hamira ya mkate ikitiwa kwenye maji ya matunda au sukari itatoa kileo, lakini itachoka mapema kuliko ya mvinyo, na kinywaji hubaki na ladha ya unga na ukungu usiotuama. Hatari kubwa zaidi iko kwenye chupa. Kinywaji ambacho bado kinachachuka kikifungwa kwa kifuniko kigumu hukusanya hewa hadi chupa kulipuka, na vipande vya kioo vinaweza kupofusha.

Kinachoua si hamira

Watu wanapokufa baada ya kunywa pombe haramu, baadhi ya wakazi husema ilitiwa hamira nyingi. Hamira haina sumu hiyo. Hutengeneza ethanoli, kileo cha kawaida. Methanoli, ambayo ni sumu, hupatikana kwa kiasi kidogo sana kutokana na maganda ya matunda yanapochachuka. Vifo vya pamoja hutokea kwa kawaida methanoli ya viwandani inapoongezwa ili kinywaji kiwe kikali kwa bei nafuu. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapoteza macho. Methanoli haionekani na haiwezi kutambuliwa kwa harufu au ladha. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa haraka, na kuona ukungu mbele ya macho. Mtu mwenye dalili hizi apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri usingizi umtoe ulevi. Ipo dawa inayozuia sumu hiyo, na hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Kwa walio katika biashara

Kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba ya mwaka 2010, utoaji wa leseni za vileo uko chini ya serikali za kaunti. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka huo huo ilifuta marufuku ya chang'aa iliyokuwepo tangu 1980, lakini haikuruhusu kila mtu kupika: anayetengeneza au kuuza kileo anahitaji leseni, na ni marufuku kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Maombi hupokelewa na kamati ya leseni ya kaunti ndogo.

Anayeuza mahamri, mikate au vitumbua anahitaji leseni ya biashara ya kaunti, na yeye pamoja na wasaidizi wake wanahitaji cheti cha afya cha washughulikiao chakula, kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita. Mikate inayofungwa na kusambazwa madukani inahitaji pia alama ya ubora ya KEBS. Maafisa wa afya ya umma walio kwenye wadi ndio wa kwanza kuulizwa kuhusu vipimo vya cheti hicho na ukaguzi wa jikoni.